MJADALA: Ukiishi kisiwani, una haki ya kung'oa matumbawe ukayaweke kwenye tangi lako nyumbani?

Mleta mada:

Habari zenu wakuu. Nalileta hili tulijadili kwa hoja maana kila likiguswa watu wanaishia kurushiana maneno. Mtu anaishi kisiwani, maji yakipwa anaenda kwa miguu mpaka kwenye matumbawe, na nyumbani ana tangi la maji chumvi, taa zipo, pampu zipo. Anajiuliza kwanini niagize matumbawe ya kuletwa na ndege wakati yapo hapo nje, tena hayo ya kuagiza pengine nayo yametolewa kwenye bahari ya watu wengine huko? Ni swali la maana kabisa na naomba asibezwe mtu anayeliuliza.

Msimamo wangu nausema mapema: tumbawe lililo hai na limeshika mwamba lisiguswe kwa ajili ya tangi la nyumbani. Hata moja. Watu wanaliona kama jiwe la rangi lakini pale kuna maelfu ya vinyama vidogo vidogo vimejijengea chokaa, na ndani ya miili yao wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho ambao wanatengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kuwapa wenyeji wao sehemu kubwa ya riziki. Sasa ujenzi huo unaenda taratibu mno. Yale mazito ya mviringo, poraiti, yanaongezeka kama sentimita 1 hivi kwa mwaka, kwa hiyo ukiona la ukubwa wa mpira wa miguu ujue lina miaka 10 au zaidi limekaa pale. Ya matawi, akropora, yanaenda mbio zaidi, yanaweza kufika sentimita 10 kwa mwaka na kupita, na hayo ndiyo watu wanayavunja bila huruma wakidhani yataota tena.

Alafu kuna jambo la uzazi ambalo naona halizungumzwi. Matumbawe mengi yanatoa mayai na mbegu mara moja kwa mwaka, usiku, siku chache baada ya mwezi mpevu, aina nyingi kwa pamoja. Tumbawe kubwa lina mayai mengi kuliko dogo, na likishakatwa nguvu yake inaenda kuziba kidonda badala ya kuzaa. Kwa hiyo ukivunja tawi hujachukua tawi tu, umepunguza na mayai ya mwaka huo na pengine wa mbele yake.

Miamba ya matumbawe ni chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari, ila karibu robo ya aina za viumbe wa baharini wanaitegemea kwa namna moja au nyingine. Karibuni.

Bamvua:

Mkuu heshima yako, umeandika vizuri ila hapo kwenye "hata moja" sikubaliani na wewe hata kidogo.

Tuseme ukweli, matumbawe hayauawi na mimi mwenye tangi sebuleni. Yanauawa na joto. Maji yakizidi joto la kawaida kwa digrii 1 tu kwa wiki kadhaa yanaanza kuwatoa hao mwani unaowasema, yanapauka, na joto lisiposhuka yanakufa kwa njaa. Mwaka 1998 bahari za dunia nzima zilipigwa, ikaja 2014 mpaka 2017, na April 2024 wakatangaza kupauka kwa mara ya nne duniani. Jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa lilisema 2018 kwamba dunia ikipanda joto digrii 1.5 tunapoteza kati ya asilimia 70 na 90 ya matumbawe, na ikifika 2 ni zaidi ya asilimia 99. Sasa nikivunja kipande cha ukubwa wa kidole gumba nikakitunza kwenye maji ya digrii 25 mwaka mzima nani kaharibu hapo? Nanga moja ya boti inavunja kwa dakika moja kuliko nitakavyochukua mimi maisha yangu yote, na mwenye boti hakuna anayemuuliza.

Na msisahau Florida mwaka 2023 joto lilipopanda watu walikimbia kutoa matumbawe kwenye vitalu vya baharini wakayapeleka kwenye matangi nchi kavu. Matangi hayohayo mnayoyalaumu!

Dira:

Kabla hamjafika mbali kwenye maadili tuongee sheria kwanza maana naona watu wengi wanaishi kwa kudhani.

Matumbawe magumu yote yako kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, Kiambatisho cha 2, tangu mwaka 1990. Maana yake hayajapigwa marufuku kuuzwa, ila kuvuka nayo mpaka lazima kibali kiwepo. Mkataba huo hauhusu wewe kuchukua tumbawe mbele ya nyumba yako ukalipeleka ndani, hilo ni la sheria za nchi yako au hata kisiwa chako, na zinatofautiana sana. Hawaii kutoa tumbawe gumu au mwamba hai (jiwe la baharini lililoota viumbe) ni kosa, mkazi au mgeni wote sawa. Florida nayo hairuhusu kutoa matumbawe magumu wala yale ya umbo la feni, mpaka wenye biashara ya mwamba hai wakaamua kuzamisha mawe yao wenyewe kwenye maeneo waliyokodishiwa, viumbe vikishaota juu yake ndio wanavuna. Queensland kwa upande mwingine ina uvuvi wa matumbawe wenye leseni na mgao, yaani kiasi kinachoruhusiwa kuvunwa. Kwahiyo ile kauli ya "mimi mwenyeji, bahari ni yetu" ofisini haikusaidii kitu, nenda kaulize idara ya uvuvi ya mahali ulipo, na uulize pia kama eneo hilo liko ndani ya hifadhi maana mipaka ya hifadhi majini haina ukuta.

Jingine, wengi wanaoishi visiwani wapo kwa mkataba wa kazi. Siku ya kuhama unataka kuondoka na tangi lako, hapo ndipo CITES inakukuta, na kipande ulichookota bila karatasi yoyote huwezi kukitengenezea karatasi baadae.

Chaza:

Mimi nafuga na nitaongea kama mfugaji. Bamvua unasema "nakitunza", sawa, ila hebu tuangalie kutunza kwenyewe kukoje.

Akropora aliyetoka kwenye ukingo wa mwamba amezoea mawimbi yanayompiga kila upande mchana na usiku na jua kali ambalo taa nyingi za nyumbani hazifiki. Unamleta kwenye tangi ambalo chumvi inabidi ikae karibu na 35 kwa elfu, kalsiamu miligramu 400 mpaka 450 kwa lita, alkalini isiyumbe, fosfeti isipande, na umeme ukikatika usiku pampu imesimama na oksijeni inashuka. Wengi wanakufa, na anayeanza ndiye anayeua wengi zaidi kwa sababu anaanza na wale wazuri wa kuvutia macho ambao ndio wagumu kuliko wote. Vipande vilivyokuzwa vizazi kadhaa kwenye matangi vimeshazoea maisha hayo. Ukikaa kisiwani maji safi ya bahari unayo bure, hiyo ni faida ambayo wafugaji wa mbali na bahari wanaililia, sasa itumie kubadilisha maji, tumbawe chukua kwa mfugaji mwenzako. Anakata tawi, anagandisha na supaglu ya jeli kwenye kigae kidogo, wiki chache limeshika na mzazi anaendelea kukua. Hakuna mwamba uliopungua.

Na lingine ni la usalama wa watu, naomba lisomwe vizuri. Kuna hawa wa vitufe vitufe wanaotandaa juu ya mawe, wazoa, hasa palitoa. Baadhi yao wana sumu inaitwa palitoksini, ni kati ya sumu kali kabisa zinazojulikana kwa viumbe. Watu wanaokota jiwe ufukweni, wanaona lina vitu hawavitaki, wanalichemsha jikoni au kulimwagia maji ya moto ili kulisafisha na mvuke unaingia kwenye mapafu, familia nzima hospitali. Usichemshe jiwe la baharini kamwe. Ukishika hao vaa glovu na miwani, na kama una kidonda mkononi acha kabisa.

Bamvua:

Chaza nimekuelewa na hiyo ya sumu nilikuwa siijui kwa undani huo, asante.

Ila nirudi kwenye hoja. Kuna vile vipande vinavyovunjika vyenyewe, upepo mkali ukipita unakuta chini kumejaa matawi yamelala mchangani, mengine bado yana rangi. Hayo yanasagwa na mawimbi, yanafunikwa na mchanga, yanakufa. Nikiokota hayo nimeiba nini?

Mleta mada:

Bamvua hapo ndipo penyewe, nilikuwa nasubiri mtu apasogelee.

Kuvunjika na kulala chini sio kufa kwa hao wa matawi, ni njia yao mojawapo ya kuongezeka. Akropora nyingi zinasambaa hivyohivyo, tawi linadondoka, likibahatika kubanwa kwenye ufa linashika na kuanza tumbawe jipya. Mengi yanakufa kweli, sikatai, lakini macho yako ukiwa majini hayawezi kukwambia lipi litashika na lipi halitashika. Na hata yaliyokufa yana kazi, yanajazana kwenye mashimo, mwani mwekundu wa chokaa unayaunganisha, mabuu ya matumbawe yanapata pa kutua. Wanaorudishia miamba wanatumia vipande haohao vilivyolala, wanavikusanya na kuvifunga kwenye fremu za kitalu vikue kisha wanavipanda tena. Kwahiyo kipande unachokiona hakina mwenyewe kina watu wanakihitaji.

Kuhusu joto nakubaliana na wewe kila neno, tena takwimu ulizoleta zinanitia uchungu. Lakini mimi nazisoma kinyume chako. Mwamba ukishapauka, yale machache yaliyobaki hai ndiyo yaliyostahimili, ndiyo wazazi wa kesho, na ndiyo hasa yatakayokuvutia wewe na nyundo yako maana ndiyo yenye rangi. Ukiyatoa hayo umetoa mbegu iliyochujwa na bahari yenyewe. Na kule Florida waliyahamisha kwa mpango, yakiwa na rekodi ya kila moja limetoka wapi, ili yarudi. Tangi la sebuleni halina mpango wa kurudisha, na hata ukitaka kurudisha usirudishe.

Ngisi:

Hilo la kutorudisha naomba nilishike maana ndio linaniumiza kuliko yote. Kitu kikishaingia kwenye tangi lenye viumbe wa kutoka sehemu mbalimbali kisirudi baharini, iwe tumbawe, samaki, jiwe, hata maji usimwage kwenye mtaro unaoelekea ufukweni. Simbasamaki wa mapezi marefu yenye sumu alionekana Florida miaka ya 1980 na anaaminika alitoka kwenye matangi ya watu, leo kaenea Karibiani yote anakula samaki wadogo wa kule ambao hawamjui kama adui. Mwani wa kaulepa, nao unaaminika ulitoka kwenye matangi, ulionekana karibu na Monaco 1984 ukaenda kufunika maelfu ya hekta za sakafu ya Mediterania. Na kuna ugonjwa wa kuozesha nyama ya matumbawe magumu ulioanza Florida 2014, umeshafika visiwa vingi vya Karibiani.

Kwahiyo Chaza na mleta mada, mnaposema "agiza yaliyokuzwa" au "chukua kwa mwenzako" mkumbuke kwa mkazi wa kisiwa hiyo ndiyo hatari yenyewe. Bahari iko pale mlangoni. Tumbawe lililokuzwa nchi nyingine, la aina ambayo hapo haipo, na vimelea vyake, liko umbali wa ndoo moja ya maji machafu kutoka kwenye mwamba wa asili. Kwa usalama wa mwamba mimi naona heri kipande cha hapohapo kilichokatwa kwa kibali kuliko kizuri cha kuagizwa. Sijui kama mlishaiwaza hivyo.

Chaza:

Ngisi hapo umenibana, nakubali. Ukiwa bara ushauri wangu unasimama bila shida. Kisiwani inabidi uongezewe: karantini tangi la pembeni, kuchovya tumbawe kwenye dawa ya kuua minyoo bapa wanaolishambulia, na maji yote machafu yaende chooni au yatiwe klorini kwanza, sio mtaroni.

Bamvua:

Sawa, kibali. Tufike hapo basi, maana hapo ndipo dhuluma yenyewe ilipo na hamtaki kuigusa. Nchi zinazouza nje zinatoa mgao kwa makampuni, wanatoa matumbawe kwa maelfu, yanapanda ndege yanaenda kupamba nyumba za watu ambao hawajawahi hata kuiona hiyo bahari. Mimi mtoto wa pale pale nikichukua vipande viwili navyovipenda, navyovijua kwa majina, ndio mhalifu. Nani alikaa akaamua hivyo? Kama mwamba unaweza kuhimili mgao wa kampuni basi unaweza kuhimili na mimi, na kama hauwezi kunihimili mimi basi futeni wote.

Mleta mada:

Bamvua hapa sina cha kukupinga kwenye dhuluma, ipo, na anayesema haipo hajaangalia. Ila jibu lake kwangu sio kila nyumba kwenda na patasi yake, kwa sababu kampuni angalau ina idadi iliyoandikwa mahali na inaweza kubanwa, kupunguziwa, kufungiwa. Sisi wa sebuleni hakuna anayetuhesabu. Kisiwa chenye matangi mia mbili na kila mwenye tangi anajiona ni yeye peke yake aliyechukua viwili, hebu fikiria miaka mitano mbele, na fikiria wote wanaenda sehemu ileile ya karibu ambayo maji yakipwa unafika kwa miguu.

Ninachokidai mimi ni kitalu cha wakazi. Idara inatoa kibali kimoja, wanakatwa wazazi wachache wa aina za hapo hapo kwa rekodi, wanakuzwa majini au nchi kavu, mkazi anayetaka kufuga anapewa kipande cha kizazi cha pili na karatasi yake. Hoja ya Ngisi ya magonjwa inajibiwa, hoja ya Dira ya karatasi inajibiwa, na wewe unapata tumbawe la bahari yako bila kupigwa faini. Na mgao wa kampuni ukatwe kwanza kabla ya kumgusa mkazi, hilo nitalisimamia na wewe. Kama kuna mtu yuko kisiwa ambacho idara imeshakubali kitu cha namna hii atuelezee wanaendeshaje, hasa nani anasimamia na gharama zinatoka wapi, maana hapo ndipo naona patakapokwamia.