Ushauri: Ruta tatu nyumba moja, kila nikiunganisha intaneti inakata

Kimyakimya (mleta uzi)
Wakuu, habari za humu. Nina ruta tatu. Ya kwanza ndiyo inayopokea intaneti, ya pili iko chumbani kwangu, ya tatu kibarazani nyuma ambako waifai ilikuwa haifiki kabisa. Tangu niziunganishe, simu inaonesha waifai imejaa ila intaneti hakuna. Mara inakamata dakika kumi, mara imekata. Nifanyeje zisigombane? Naomba majibu leo, kesho asubuhi fundi anakuja.

Nyuki Mkali
Fundi anakuja kesho, haraka ya nini sasa? Msubiri.

FundiWaya
Waya unaotoka ruta ya kwanza umeuchomeka tundu gani la ruta ya pili? WAN, lile la kupokea intaneti, au LAN, yale ya kuunganisha vifaa vya ndani?

Kimyakimya
LAN. Lile la WAN lina rangi yake peke yake, nikaliogopa. Ya tatu nimeipa waya mbili, mmoja kutoka ya kwanza na mwingine kutoka ya pili, ipate nguvu pande zote.

FundiWaya
😂😂 Taa zote zinapepesa kwa pamoja kama zimeshikwa na degedege, sivyo? Umetengeneza duara. Ujumbe unaokwenda kwa vifaa vyote unazunguka humo na kujirudufu mpaka mtandao unakosa pumzi. Chomoa waya mmoja wa ya tatu sasa hivi.

Halafu ruta zote tatu zinagawa namba za IP, yaani anwani ya kila kifaa kwenye mtandao. Simu ikiomba namba, inamsikiliza aliyewahi kujibu. Ikijibiwa na ruta ya chumbani, inaambiwa mlango wa kutokea ni hapo, na hapo hakuna mlango. Ndiyo maana inakamata kwa bahati. Ingia ruta ya pili na ya tatu, zima DHCP, yaani huo ugawaji wa namba, moja ipe 192.168.1.2 na nyingine 192.168.1.3, mradi namba hizo haziko kwenye zile zinazogawiwa na ruta kuu. Waya LAN kwa LAN, WAN iache wazi. Chaneli za waifai ya 2.4 GHz tumia 1, 6 na 11, kila ruta na yake, zisiingiliane.

Mama Watatu
Mimi nilinunua kile kidude cha kudaka waifai na kuirusha tena. Spidi ikashuka nusu, nikadhani nimelogwa. Mwanangu wa mwisho, miaka 11, ndiye aliyeniambia kinasikiliza na kusema kwa zamu, mdomo mmoja. Tukavuta waya. Ananidai mpaka leo.

Mzee wa Kona
Ruta tatu, na ndani ya nyumba hamsalimiani.

Kimyakimya
FundiWaya ubarikiwe. Ruta kuu inagawa 100 hadi 199, kwa hiyo 2 na 3 ziko salama. Ila hakuna namna ya kufanya hizi mbili zisionekane kwenye ile ya kwanza?

Jicho Kavu
Zisionekane na nani? Si zako zote?

Kimyakimya
Ya kwanza ni ya mwenye nyumba. Lakini paswedi ya waifai alinipa mwenyewe, kwa hiyo ruhusa ninayo. Intaneti ni ileile, mimi nimeisogeza tu karibu.

Mzee wa Kona
Umeisogeza mpaka yeye kakosa. Huyo fundi kaitwa na nani?

Kimyakimya
Na yeye. Kwake imekata tangu juzi.

Jicho Kavu
Wakuu, hii chai. Ana paswedi ya waifai tu, kajuaje ruta inagawa 100 hadi 199? Hilo unaliona ukiingia kwenye setingi. Na ruta iko kwa mwenye nyumba, waya wake umeingiaje? Mwezi jana huyuhuyu alileta uzi wa mke mkaidi, leo ni mpangaji mpweke.

Nyuki Mkali
Chai ya rangi kabisa. Mods fungeni.

Kimyakimya
Ule wa mke nilimuulizia rafiki. Mwenye nyumba alisafiri, akaniachia funguo nimwangalizie nyumba. Waya nimepitisha darini. Paswedi ya setingi imebandikwa chini ya ruta, mtu yeyote angeiona.

Mama Watatu
Kumbe ulipewa nyumba uitunze!

FundiWaya
Chai au si chai, jibu ni lilelile. Ungetumia WAN na kuipa ruta yako 192.168.2.1, ruta kuu ingeona kifaa kimoja tu, vya nyuma yake isingeviona. Lakini waya unaopanda darini kutoka sebuleni kwake hauhitaji setingi kuonekana. Kamwambie leo, kabla ya fundi.

Kimyakimya
Nilikuwa nafikiria hivyo. Ila kuna jambo dogo. Siku ile niliibadilisha paswedi ya setingi, kwa usalama. Na mpya siikumbuki.

Nyuki Mkali
Usalama wa nani???

FundiWaya
Basi fundi atabonyeza kile kitundu cha nyuma kwa sindano, ruta irudi ilivyotoka kiwandani, aanze upya setingi zote. Na akishaigeuza nyuma, atakutana na waya wako.

Mama Watatu
Mwanangu anauliza, hiyo ruta ya kibarazani utaiuza?