Kukimbia usiku kucha: nile nini, na mwili unarudi lini?

Vumbi_Tupu: Wakuu, nimejiandikisha mbio za kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, mzunguko wa kilomita 5, barabara ya vumbi. Marathoni naimudu, zaidi ya hapo sijawahi. Chakula nakipangaje? Na baadaye nipumzike siku ngapi?

Ndizi_Mbivu: Mkuu, wengi hutolewa na tumbo kabla ya miguu. Lenga gramu 60 hivi za wanga kila saa, na anza ndani ya nusu saa ya kwanza. Ndizi moja ya wastani, nusu lita ya maji yenye vijiko sita vya chai vya sukari na chumvi kidogo, pamoja na kipande cha kiazi cha kuchemsha: hapo umefika. Kichefuchefu kikija, mara nyingi ujue umekwenda kasi na damu imehamia miguuni. Tembea dakika 10, piga mafunda madogo.

Kunywa kwa kiu tu. Maji matupu yakizidi, sodiamu (chumvi) ya damu inashuka: pete inabana, vidole vinavimba, kichwa kinagonga. Mtu akianza kuchanganyikiwa, huyo ni wa hospitali, si wa kuongezewa maji.

Tochi_Mbili: Tochi ya kichwani pekee inafuta vivuli, jiwe linaonekana bapa. Tena mwanga ukipiga vumbi mbele ya macho, huoni kitu. Funga ya pili kiunoni. Soksi zikiingia vumbi ni msasa: beba jozi mbili, futa miguu ikauke, paka mafuta ya mgando, ndipo uvae. Kahawa itunze hadi saa nane usiku; usingizi mkali ni saa tisa hadi kumi na moja alfajiri, na baridi huja nao.

Polepole: Ukimaliza usikae papo hapo, unaweza kuzimia; tembea kidogo, kisha uji na mayai. Usiendeshe gari. Wiki ya kwanza tembea tu. Ukishuka ngazi bila kushika ukuta, jaribu dakika 20 za taratibu. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi, hospitali siku hiyohiyo: huenda misuli imevunjika-vunjika na figo ziko hatarini. Ndiyo maana dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen ni marufuku, kabla, njiani na baada.

Vumbi_Tupu: Na Panadol?

Polepole: Haina shida hiyo ya figo, mradi usizidishe dozi. Ila usimeze ili uendelee kukimbia na goti bovu.