Naomba ushauri: hasira zinaniharibia gofu

Wakuu, habari zenu. Nacheza gofu pale Lugalo, Dar es Salaam, na handikapu yangu (makadirio ya mapigo ninayozidisha juu ya kiwango cha uwanja; ikiwa chini ndiyo bora) imeganda kwenye 24 tangu mwaka jana.

Shida yangu naiona iko kichwani zaidi kuliko mikononi. Mazoezini fimbo namba 7 inanitii kabisa. Nikiingia raundi, mpira mmoja ukipinda kulia ukazama kichakani, moyo unachemka. Shimo linalofuata napiga kwa nguvu kama napasua kuni, na hapo mambo yanazidi kuharibika. Kedi, yule anayenibebea fimbo, ananiambia "taratibu, bosi", lakini wakati huo sisikii la mtu.

Hesabu naijua: handikapu ni wastani wa raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho, kwa hiyo siku moja mbaya haiui kitu. Najua pia mchezaji nyota Rory McIlroy aliingia siku ya mwisho ya Masters 2011, moja ya mashindano makubwa ya gofu, akiongoza kwa mapigo 4, akaharibu kwa kupiga mapigo 80 siku hiyo, na koti la kijani la bingwa akaja kulivaa 2025. Nikiwa uwanjani yote hayo yanayeyuka.

Ninyi wenye handikapu za chini, mnafanya nini hasa katika zile dakika chache kati ya pigo baya na pigo linalofuata? Na je, niache kuandika alama kwa muda, nicheze tu? Kocha wangu anataka pia tubadilishe namna ninavyoshika fimbo, nami nahofia nitazidi kuchanganyikiwa. Mchezo huu naupenda mno, sitaki kuuacha. Nisaidieni.