Resi ya bei nafuu: Trek ya mtumba, Raleigh ya zamani, au mpya ya dukani? Na nianze kubadilisha nini?

Kobe_wa_Tegeta (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Nimechoka na daladala. Nakaa Tegeta, kazi iko Posta, na asubuhi nyingi nasimama kwa mguu mmoja zaidi ya saa nzima. Nimeamua ninunue baiskeli ya resi, ile ya usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Nina laki tisa, na humo humo itoke baiskeli, kofia, na chochote cha kuboresha. Jumapili nataka niwe nafika Bagamoyo na kurudi.

Nimezunguka siku mbili, nimebaki na tatu:

Ya kwanza ni Trek 1.2 ya mtumba. Fremu alumini, foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya kaboni, gia za Shimano Sora, spoketi 9 nyuma. Jamaa anataka 680,000 na anasema haishuki.

Ya pili ni Raleigh Record ya chuma, ya zamani sana, vishikio vya gia viko kwenye bomba la chini la fremu. Mbele spoketi 2, nyuma 5. Mwenye nayo ni mzee mmoja wa Kunduchi, anasema 300,000 "lakini njoo tuongee".

Ya tatu ni mpya kabisa, dukani, haina jina ninalolijua. Breki za diski mbele na nyuma, gia 21, rangi inawaka. 600,000.

Moyo uko kwa Trek. Nikiichukua, hicho kinachobaki nibadilishe nini kwanza?

Nyoka_wa_Lami (Dar es Salaam)

Trek, hakuna mjadala. Halafu usile hela ovyo kwenye vitu vidogo, jikusanye uagize ringi za kaboni zile nene. Mimi nilipofunga zangu nilihisi kama nimebadilisha miguu.

Mtwapa_Express (Mombasa)

Nyoka, ringi za kaboni kwa mtu wa laki tisa? Hizo zako peke yake ni ngapi na ushuru?

Nyoka_wa_Lami

Milioni na kitu. Nimesema ajikusanye.

Dada_Mlima (Arusha)

Kobe karibu barabarani. Kabla ya ringi za kaboni, mimi naanza na vile vinavyogusa lami na vinavyogusa mwili: matairi, raba za breki, waya na maganda yake, kiti. Tairi la mtumba ukilikunja kidogo pembeni utaona nyufa kama za kisigino cha kiangazi. Toa, weka jipya, pana kadiri fremu inavyoruhusu. Nyingi za umri wa hiyo Trek zinakubali mm 25, baadhi 28. Pima kwa ufunguo wa pembe sita wa mm 4: upite kati ya tairi na fremu bila kugusa.

Na upepo jamani! Watu wanajaza 120 psi kwa sababu ndiyo namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Ile ni mwisho wa tairi, si amri. Mimi nina kilo 66, tairi 28, najaza 65 mbele na 70 nyuma, na mikono haifi ganzi tena.

Gia za Sora usiziguse. Ukitaka kutoka 9 kwenda 10 unabadilisha shifta (vishikio vya gia), kaseti (rundo la spoketi za nyuma) na mnyororo kwa pamoja, na bei yake inakaribia baiskeli yenyewe. Faida yake ni spoketi moja.

Ila ukihamia kwetu milimani kuna ujanja mmoja. Shifta za barabarani za Shimano za gia 9 zinaelewana na deraila (kihamisha mnyororo) ya nyuma ya baiskeli ya milimani ya gia 9, kwa hiyo unaweza kufunga kaseti ya 11-34, yaani meno 11 hadi 34. Ukiwa na 34 mbele na 34 nyuma, kila mzunguko wa pedali unakusogeza mita 2.1 hivi. Kwa 34 na 25 ni karibu mita 2.9. Tofauti hiyo niliihisi kwenye magoti nikipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Angalizo: deraila ya milimani ya gia 10 haikubali, waya wake unavutwa kwa kipimo kingine.

Mtwapa_Express (Mombasa)

Naunga mkono dada. Nyongeza ya mtu wa pwani: chumvi. Mwambie muuzaji afungue boliti ya nguzo ya kiti, kisha uizungushe na kuishusha mbele yake. Ikigoma, ondoka. Mimi nilinunua moja Kilifi bila kujaribu, nguzo ya alumini ilikuwa imeshikana na fremu ya chuma. Nilimwaga mafuta, maji moto, dua. Mwishowe ilikatwa kwa msumeno, nusu saa kwa kila upande.

Fundi_Mwinyi (Mwananyamala)

Vijana hamjambo. Nimefunga baiskeli tangu Tanga, kule ambako baiskeli ni kama viatu, kila mtu anayo.

Hiyo ya dukani nimeshafungua nyingi za aina yake. Gia 21 ni 3 mbele mara 7 nyuma, si ubora, ni kuzidisha. Nyuma wanaweka flaiwili ya kukaza kwa nyuzi badala ya kaseti. Beringi ya upande wa gia inakaa ndani sana, mbali na pale fremu inaposhika ekseli, na mtu mzito kwenye mashimo yetu anaipinda ekseli kama mshumaa. Diski zenyewe ni za waya, bati jembamba, zinalia. Diski nzuri zipo na ni breki bora kabisa, lakini kwa bei hiyo umeuziwa sura ya diski.

Kwa mtumba, nenda na rula yenye inchi. Weka sifuri katikati ya pini ya mnyororo, hesabu pini 24. Mnyororo mzima, pini ya 24 inaangukia inchi 12 kamili. Ikipita kwa mm 1.5, mnyororo umekwisha. Ikipita kwa mm 3, na kaseti imeliwa, hapo weka bei ya vyote viwili kwenye mazungumzo. Kisha pitisha kidole kwenye ringi pale raba inapobana. Ukihisi bonde kama ndani ya kijiko, ringi hiyo imebaki ngozi. Mwisho, tazama foki ya kaboni kwenye mwanga wa jua, hasa shingoni. Mchubuko wa rangi si kitu, lakini mstari unaozunguka, au sehemu inayotoa sauti butu ukiigonga kwa sarafu wakati nyingine zinalia kali, usiipande.

Raleigh nisikie kwanza saizi ya magurudumu. Soma ubavuni mwa tairi uniandikie namba zote.

Kobe_wa_Tegeta

Shikamoo fundi. Nimerudi kote kutwa nzima leo.

Trek: mnyororo umepita kwa mm 2. Nguzo ya kiti inateleza vizuri. Ringi ya nyuma ina bonde dogo, ya mbele safi. Shifta zina kitufe cha kidole gumba upande wa ndani.

Raleigh: tairi limeandikwa 27 x 1 1/4, na pembeni 32-630. Ringi zinang'aa kama kioo. Mzee ana mizani ya kuning'iniza, alikuwa anauza samaki Kunduchi, basi tukaitundika. Kilo 13 na nusu. Akacheka, akasema hata changu mkubwa alishawahi kumpima hapo akasumbua kuliko hiyo baiskeli.

Ya dukani muuzaji alinikataza nisipime chochote.

Dada_Mlima

Ya dukani imejiondoa yenyewe 😂

Hivyo vitufe vya gumba ni Sora za zamani. Zinafanya kazi, tatizo ni kwamba ukishika usukani chini kabisa kidole hakifiki. Utazoea.

Ila Kobe, humu tumeongea mpaka kaboni na hakuna aliyekuuliza: una urefu gani? Na hiyo Trek ni saizi ngapi? Tazama kwenye bomba la kiti au karibu na pedali, kuna kibandiko.

Kobe_wa_Tegeta

Mimi ni mita 1.69. Kwenye picha niliyopiga naona kibandiko kinasema 58.

Dada_Mlima

Aisee. Iache.

58, yaani sentimita, ni ya mtu wa mita 1.80 na zaidi. Ukiwa 1.69 ungetaka 52 au 54. Utashusha kiti mpaka mwisho, utafunga kishikio cha usukani kifupi kuliko vyote, na bado utakuwa unajinyoosha kama mtu anayefuta meza kubwa. Mgongo na shingo vitakudai kabla hujafika Mwenge. Matairi yanabadilishwa, gia zinabadilishwa, raba hata kijana wa pancha anabadilisha. Fremu ndefu utaifanyaje?

Nyoka_wa_Lami

Mimi napanda 56 na nina 1.70, mbona sawa tu.

Dada_Mlima

Kaka, ni wewe uliyefungua uzi mwezi uliopita kuuliza dawa ya maumivu ya shingo.

Mtwapa_Express

😂😂 Nyoka amegongwa.

Kobe_wa_Tegeta

Nimeumia kidogo, maana nilishaipa jina. Raleigh nimepima bomba la kiti, inchi 21. Nikisimama juu ya bomba la katikati miguu yote inakanyaga chini na nafasi inabaki. Fundi, huyu mzee wa chuma anafaa au naokota mzigo?

Fundi_Mwinyi

Inchi 21 ni sentimita 53. Hiyo ni yako.

Sasa sikiliza vizuri, maana Raleigh ina mitego. Watu wanaona jina wanakumbuka ile ya babu, wanadhani kila kitu kinapatikana kwa fundi wa kona. Ya babu ilivaa 28 x 1 1/2, ambayo ni 635, yaani kipenyo kwa mm pale tairi linapokaa kwenye ringi. Resi za sasa zinavaa 700C, ambayo ni 622. Yako ni 630. Zinaonekana ndugu lakini tairi la moja haliingii kwenye nyingine, na 630 hapa mjini utaitafuta mpaka uchoke. Kwa hiyo hela yako ya kwanza kabisa iende kwenye magurudumu ya 700C, ya alumini, ya mtumba mazuri.

Tofauti ya 630 na 622 ni mm 8 kwa kipenyo, yaani raba za breki zishuke mm 4 tu. Mikono ya breki za zamani ni mirefu, inafika bila shida. Na hapo utakuwa umetibu ugonjwa wake mkubwa: hizo ringi zinazong'aa ni chuma kilichopakwa kromu, na zikilowa raba zinateleza kama sabuni. Masika unabana breki pale Mbezi, unasimama Lugalo. Ringi ya alumini peke yake ni breki mpya.

Nyuma, fremu imetengenezwa kwa gia 5, nafasi ya ekseli ni mm 120 hivi. Gurudumu la kaseti la barabarani ni 130. Chuma kinapanuka, mm 5 kila upande, polepole, kisha tunafunga uzi kutoka upande mmoja wa nyuma, uzunguke shingo ya fremu, urudi upande wa pili, na kupima kama pande zote ziko sawa na bomba la kiti. Alumini usije ukaifanyia hivyo hata siku moja, inapasuka.

Vishikio vya gia vya kwenye bomba usivitupe. Havina "tik", vinateleza tu, kwa hiyo havijali spoketi ni ngapi. Tutaweka kaseti ya 8, 11-32, na deraila ya kawaida ya Shimano yenye mkono mrefu. Mbele una 52 na 40, inatosha, Dar hakuna mlima.

Kitu kimoja usimruhusu fundi yeyote akutolee: vikombe vya beringi za pedali. Raleigh za kiwanda cha Nottingham, Uingereza, zina nyuzi 26 kwa inchi, wengine wengi 24. Akipoteza kikombe chako umekwisha. Badilisha golori tu, robo inchi, 11 kila upande, na grisi mpya.

Mtwapa_Express

Uzito je? Kilo 13 na nusu si mchezo.

Fundi_Mwinyi

Ringi za chuma zikitoka itashuka, maana uzito mwingi uko kwenye magurudumu. Na huyu hapandi Usambara, anaenda Posta.

Kobe_wa_Tegeta

Wiki tatu baadaye, narudi na hesabu.

Mzee wa Kunduchi aliishia 260,000 na akanipa pampu yake. Magurudumu 700C ya mtumba 180,000. Matairi mapya 28 na tyubu, 130,000. Kaseti, mnyororo na deraila 120,000. Raba, waya na maganda 45,000. Fundi Mwinyi 60,000, akakataa ya golori. Kofia 70,000. Jumla 865,000. Dada, upepo nimeweka 75 na 80, mimi ni kilo 79.

Jumapili nilifika Bagamoyo. Kwenda nilikuwa mfalme, kurudi upepo wa bahari ulinivua taji, nilitumia spoketi ya 32 kwenye barabara tambarare kabisa na sioni aibu. Gia za kuteleza nilizikosea siku mbili za kwanza, sasa mkono unajua.

Nyoka alinipita maeneo ya Bunju na ringi zake, zinavuma kweli. Alinipungia. Nikamkuta mbele anabadilisha tyubu, nikampa pampu ya mzee.

Nyoka_wa_Lami

Pampu nzuri ile. Naomba nisiandike zaidi.

Kobe_wa_Tegeta

Fundi, swali moja. Kuna mlio wa "tak" upande wa kulia, mara moja kila mzunguko, nikikanyaga kwa nguvu tu. Nikiacha kukanyaga unapotea.

Fundi_Mwinyi

Kotapini ya krenki, ile pini inayoshika mkono wa pedali, imelegea. Usiigonge kwa nyundo wewe mwenyewe, maana bila kuegemeza krenki kwa chini utaziumiza golori nilizokupa bure. Endesha taratibu, ilete kesho kabla ya saa nne.