Chaja ya simu kwenye gari lililoegeshwa: hatari ya moto iko wapi hasa?

Mkazi wa Tabata

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wa kitaalamu. Nina gari dogo nililolinunua likiwa limetumika, na nimezoea kuacha chaja ya simu ikiwa imechomekwa kwenye tundu la kiwashio cha sigara. Juzi usiku, nilipokuwa nafunga geti, niliona taa ya chaja hiyo inawaka ilhali ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu na milango imefungwa. Gari hulala kwenye banda lililopakana na chumba cha watoto, na ndiyo maana jambo hili limeninyima amani. Je, chaja isiyo na simu inaweza kusababisha moto gari likiwa limezimwa? Na je, inamaliza betri? Jirani yangu anasema kwamba fyuzi ipo, kwa hiyo hakuna cha kuhofia, lakini ningependa kusikia kutoka kwa wanaoifahamu kazi hii.

Fundi umeme wa magari, Moshi

Ndugu mleta mada, taa uliyoiona ina maana kwamba tundu hilo linapata umeme wa betri wakati wote, bila kutegemea ufunguo. Magari mengi tuliyoyazoea hapa nchini hukata umeme wa tundu ufunguo unapozimwa, lakini yapo yanayouacha tangu kiwandani, na yapo ambayo waya zake zilibadilishwa na fundi baadaye.

Suala la betri ni jepesi. Chaja isiyo na simu hula umeme mdogo sana, hivyo betri nzima haitakufa kwa usiku mmoja, ingawa gari lenye betri iliyochoka likikaa wiki kadhaa bila kuwashwa unaweza kukuta haliwaki.

Moto ndio unaohitaji maelezo. Chaja nzuri isiyo na simu haipati joto la kuhofisha. Hatari huja pale sehemu zake za ndani zinapoharibika. Chaja hupokea volti 12, ambazo hupanda hadi kama 14 injini ikiwa inaunguruma, na kuzishusha hadi 5 zinazohitajika na simu. Katika chaja za bei ya chini sana, vifaa vinavyofanya kazi hiyo ni dhaifu, na fyuzi ndogo inayopaswa kukaa kwenye ncha ya chaja mara nyingi haimo. Hapo ndipo hoja ya jirani yako inapopungua nguvu, kwa sababu fyuzi ya gari imewekwa kulinda waya za gari, si chaja. Fyuzi ya ampea 15 kwenye volti 12 hupitisha wati 180. Chaja ikipata hitilafu na kuanza kuvuta wati 60, fyuzi haitakatika, lakini wati 60 ndani ya kipande cha plastiki kinacholingana na kidole gumba zinatosha kukiyeyusha. Hitilafu ya namna hiyo ni nadra, na sisemi haya ili kukutisha. Hata hivyo, mchana dereva atasikia harufu ya plastiki inayoungua na kuichomoa, ilhali usiku wa manane hakuna wa kuisikia.

Naomba uichomoe sasa, uitazame ncha ya chuma pamoja na plastiki inayoizunguka, kisha utueleze ulichokiona.

Mkazi wa Tabata

Ahsante sana, fundi. Nimeichomoa. Plastiki iliyo karibu na ncha imegeuka rangi ya kahawia upande mmoja, na ncha yenyewe, ambayo nadhani ina springi, nikiibonyeza inabaki ndani bila kurudi.

Dereva wa masafa marefu, Tanga

Kaka, chaja hiyo usiirudishe kabisa. Springi ikilegea, ncha haigusi vizuri, na kila gari linaporuka kwenye shimo hutokea cheche ndogo ndani ya tundu. Joto linalotokea hapo wakati simu inachaji ndilo lililoichoma hiyo plastiki.

Naomba niongeze mambo mawili. La kwanza ni soketi za kuchajia zinazofungwa mitaani kwenye bajaji, bodaboda na daladala. Nimeona nyingi ambazo waya umetolewa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi yoyote. Waya huo ukisuguliwa na bodi hadi ganda likachubuka, utapiga shoti, na betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mkupuo. Waya unakuwa mwekundu kabla hujafungua boneti. Fyuzi ni lazima iwepo, tena karibu kabisa na betri.

La pili ni pawabenki. Gari lililofungwa juani, hasa katika joto la pwani, huweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi ndani, na dashibodi hupanda zaidi ya hapo. Apple huwaelekeza wateja wasihifadhi iPhone mahali penye zaidi ya nyuzi 45. Betri ya lithiamu iliyovimba au iliyotengenezwa ovyo, ikiachwa kwenye joto hilo huku inachajiwa, ni hatari kubwa kuliko chaja tupu, kwa kuwa ina nishati yake yenyewe na hakuna fyuzi ya gari itakayoizuia.

Fundi umeme wa magari, Moshi

Dereva amesema kweli, na mimi pia pawabenki naihofia zaidi. Ikiwaka, mtungi mdogo wa poda unaweza kuzima miali, lakini haupoozi betri, hivyo moto huweza kurudi. Ni heri watu wakae mbali na kuwapigia Zimamoto kwa namba 114.

Kwa gari lako, chomoa kwanza fyuzi ya tundu, kisha umulike ndani kwa tochi. Ukiona weusi, plastiki iliyoyeyuka au sarafu iliyodumbukia, tundu lisitumike hadi litengenezwe. Likiwa safi, fundi anaweza kuhamishia waya wake kwenye mkondo unaokatika ufunguo unapotolewa, kazi ambayo kwa fundi mzoefu si kubwa. Simama naye anaporudisha fyuzi, na uhakikishe ni ya ampea zilizoandikwa kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi, bila kupandisha hadi 30 na bila kuunganisha kwa kipande cha waya.