Grupu yetu ya mafuriko, tutafanyaje ofisi itusikize?

kijana_mtopanga
Asalaam aleikum jamani. Mvua zile za Novemba 2023 sisi vijana wa Mtopanga, hapa Mombasa, tulikua na grupu ya WhatsApp, watu wanatuma maji yamefika wapi, nani amekwama na watoto, na sisi tunaforwadi kwa ofisi moja ya serikali usiku kucha. Asubuhi twaambiwa meseji ni nyingi hata hawajui waanzie wapi. Iliniuma sana, kuna mama mja mzito alikaa juu ya meza mpaka alfajiri, majirani ndio walimbeba. Kuna pahali watu wa mtandaoni walishirikiana na serikali ikafaulu kweli?

binti_tudor
Pole kaka. Kuko, tena chombo chenyewe ni cha hapa kwetu. Kinaitwa Ushahidi, programu ya kukusanya ripoti za watu na kuziweka kwa ramani, ilitengenezwa Kenya 2008 wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, halafu Haiti ilipopigwa na tetemeko Januari 2010 ikatumika kule. Mtu anatuma sms bure kwa 4636 kwa Krioli, Wahaiti walioko nje wanatafsiri, wanafunzi wa chuo kikuu cha Tufts kule Boston na wenzao wanatafuta imetoka mtaa gani wanaiweka kwa ramani, mpaka walinzi wa pwani wa Marekani wakawa wanaitumia. Na mitaa mingi ya Port-au-Prince haikua kwa ramani, volantia wa OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuichora, ndio waliichora kutoka picha za setilaiti. Sasa nyinyi mlituma meseji vile zilivyokuja. "Maji yamejaa kwa kina Salim", wa ofisini atajua ni wapi?

mzee_likoni
Binti kasema kweli. Nshawahi kujitolea kwenye uokozi, tunachotaka ni pini ya lokesheni, msikiti au steji iliyo karibu, watu wangapi, kuna mgonjwa ama mtoto, namba ya aliye pale, na SAA. Meseji ikishazunguka grupu kumi mnaenda mnakuta watu walitoka jana, na kwengine kuna mtu bado yuko majini. Chagueni wawili tu wa kuongea na ofisi, na muende kwa chifu na kaunti saa hii kukiwa kukavu, usiku wa mafuriko hakuna atakaekujua. Na roho ikiwa hatarini usingoje grupu, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.

um_swaleh
Naomba muangalie na majina ya watu. Libya 2011 Umoja wa Mataifa uliomba volantia wawachoree ramani ya vita, zikawa mbili, moja ya ndani ya Umoja wa Mataifa wenyewe, na ile ya watu wote ilicheleweshwa saa 24 na mambo ya siri yakaondolewa. Kwetu si vita lakini nyumba iliyohamwa na namba ya mama aliye peke yake si vya kutupwa kwa grupu ya watu mia tano, wezi nao wanasoma.

kijana_mtopanga
Shukran sana, hilo la wezi hatukuliwaza kabisa. Lakini vichochoro vya huku nyuma havimo kwa ramani, tunaelekeza kwa mdomo tu.

binti_tudor
Vichoreni wenyewe, OpenStreetMap ni bure. Jumapili baada ya alasiri nakuja na laptopu, tafuta watu watatu wanaovijua kwa miguu.