Kuhariri picha za wanawake ili kupinga dhana kuhusu uanamke

Mpigapicha wa Mwanjelwa: Ndugu wanajukwaa, ninapiga picha za wanawake hapa Mbeya, na karibu kila mteja huniomba nimng'arishe ngozi, nimpunguze kiuno na kumfutia makovu. Ninataka kuandaa mfululizo utakaotumia programu hiyohiyo ya kuhariri kwa lengo la kinyume. Nianzie wapi?

Mama wa Uyole: Mwanangu, zitazame picha ambazo Zanele Muholi wa Afrika Kusini amejipiga mwenyewe. Wakati wa kuhariri huongeza tofauti ya mwanga na giza, hivyo ngozi yake huonekana nyeusi kuliko ilivyo, kinyume kabisa na yale unayoombwa na wateja wako. Katika picha moja ya mwaka 2015 amevaa vibanio vya nguo kichwani na masikioni mithili ya mapambo ya kifahari, kwa heshima ya mama yake aliyekuwa mfanyakazi wa ndani.

Mwalimu, Iringa: Kati ya 1977 na 1980 Cindy Sherman wa Marekani alijipiga picha akiigiza wanawake wa aina ya wale wa sinema, kwa wigi, mavazi na vipodozi, bila kompyuta. Nawe jipige mwenyewe kwanza. Sura ya mtu mwingine isiguswe bila ridhaa yake.

Mpigapicha wa Mwanjelwa: Shikamoo, mama, nawe mwalimu, asante. Nitaanza na uso wangu, kovu la kwenye shavu nikilikoleza badala ya kulifuta.